Salamu Kwanza, Lawama Baadaye

Siku mliyoniaga mlinipa maiki nikashindwa kusema, mkadhani nimezidiwa na majonzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na keki mdomoni. Sasa nimekaa kwangu hapa Shinyanga mjini, kuku wamekwisha kula, na mwanangu Doto amenikataza kufagia uwanja kwa madai kwamba mstaafu hafagii. Kwa hiyo nina nafasi ya kuwaandikia yale niliyotaka kuwaambia. Vyeo sitavigusa, maana vile nilivyopata mnavijua na vile vilivyonipita mnavijua zaidi.

Nilianza redioni kwa kusoma kadi za salamu. Ninyi wengi wenu hamkuzikuta. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu, jirani na wadeni wake, nasi tukayasoma hewani mpaka koo likauke. Mtu wa Ushirombo alimsalimia shemeji yake wa Masumbwe, na kumbe asubuhi hiyo walikuwa wamekunywa chai meza moja. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimesoma miaka yote ile ili niwe karani wa salamu.

Aliyeniweka sawa ni Mzee Mabula, fundi mitambo wetu. Huyu hakuwahi kuongea hewani hata siku moja. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya waya wa moto, na kila kitu studioni alikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kuanzia mkono wa simu hadi mguu wa kiti changu. Aliniambia nisizidharau zile kadi, kwa sababu mtu akisikia jina lake redioni hutembea amenyooka wiki nzima. Nami nikaanza kuyasoma majina taratibu, kama ninayaita mlangoni.

Simu za moja kwa moja zilipoanza, Mzee Mabula akaweka sheria: salamu kwanza, lawama baadaye. Msikilizaji aseme jina, aseme alipo, asalimie na aitikiwe, ndipo atoe la moyoni. Meneja wetu wa wakati huo alilalamika kwamba Wasukuma wakianza kusalimiana tangazo la sabuni litakosa nafasi. Mzee Mabula alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kukaza skrubu. Sababu yake alinipa mimi baadaye: mtu akishakuuliza habari za watoto, tusi linamkwama. Nimefanya kazi na sheria hiyo mpaka nimestaafu, na nawaachia. Mkibadilisha muziki wa kufungulia kipindi sitasema neno, lakini hiyo msiiguse.

Kwenye michezo niliingia kwa malaria ya mtu mwingine. Mtangazaji wa michezo aliugua, mkuu wa vipindi akachungulia mlangoni na kuniona mimi tu. Mchezo wenyewe ulikuwa mpira wa kikapu, wanafunzi wa chuo cha ualimu cha hapa mjini dhidi ya watumishi fulani wenye vitambi. Nilikuwa sijui chochote. Kila kikapu nilikiita bao, na mchezaji aliyeruka nikasema amepaa, akashuka, yuko salama. Simu zilimiminika. Mama mmoja wa Masumbwe alisema hajaelewa mchezo ila amefurahi kwamba wote wameshuka salama. Yule mwenye malaria alipopona, alikuta kiti kina mtu.

Mkitangaza kikapu huku kwetu, jueni mnatangaza michezo miwili, wa ndani ya mistari na wa nje. Watu wetu wamekulia kwenye mashindano ya ngoma, ambako makundi mawili hucheza uwanja mmoja na watazamaji hukimbilia upande unaowaka. Basi hata kwenye kikapu walikuja na mwendo huohuo. Timu ikifunga mfululizo, kundi zima linahama na vigoda vyao kwenda upande wake. Ikipoteza mpira, wanahama tena. Waamuzi kutoka nje ya mkoa walidhani ni fujo. Na mashabiki walikuja na zana za ngoma vilevile: njuga, ngoma zenyewe, na filimbi. Hizo filimbi ndizo zilizomleta Pendo kwenye kipindi changu.

Pendo alikuwa mwanafunzi wa ualimu, binti wa Masumbwe, mwembamba, mwenye kudunda mpira kana kwamba ardhi ndiyo inayomrudishia kwa hiari. Mwaka wake wa kwanza tu alipewa kazi ya kugawa mipira na kuongoza wenzake uwanjani. Watu walimpenda haraka, na wachimbaji wa dhahabu huko Mwakitolyo walikuwa wakizima mashine za kusaga mawe ili wamsikie. Mimi nilikuwa napaza sauti zaidi mpira ukifika mikononi mwake, na sikujali nani amegundua.

Halafu ikaja ile nusu fainali ya mashindano ya vyuo. Timu yetu iliongoza kwa pointi moja, muda umebaki kidogo sana, mpira uko kwa Pendo. Alichotakiwa ni kuudunda tu. Filimbi ikalia. Pendo akasimama, akauweka mpira chini kwa adabu zote, akasubiri uamuzi. Kumbe mwamuzi hakupuliza. Alipuliza shabiki wetu mmoja aliyezidiwa na furaha, kama anavyopuliza kwenye ngoma. Wasichana wa chuo cha Geita waliuokota ule mpira, wakaenda nao wakafunga, muda ukaisha. Sisi tukabaki tunatazamana, na yule mwenye filimbi alikuwa amekwisha kuiingiza mfukoni.

Vijana, nimetangaza uchaguzi, nimetangaza mafuriko, lakini sijawahi kuona simu kama za Jumatatu ile. Mwalimu mmoja wa dini kutoka Ushirombo alisema mchezaji hana kosa, kosa ni la mwenye filimbi, naye atubu. Kijana wa Masumbwe akasema mchezaji mwenye akili humtazama mwamuzi, haisikilizi filimbi. Mama muuza mchele akauliza kama mtoto wa watu anaweza kufundisha darasa ilhali hajui kengele ya kwelikweli. Wengine walitaka apumzishwe, wengine wakasema ng'ombe haachwi porini kwa kujikwaa mara moja. Wengi wao hawakuwahi kuona kikapu kwa macho. Walikuwa wakibishana juu ya mchezo walioujua kwa sauti yangu tu, na jambo hilo lilinifanya niwe mwangalifu kuliko mahubiri yoyote ya meneja.

Mwaka uliofuata Pendo alianza kubadilika, na mjadala ukabadilika naye. Alijifunza kutoa pasi mapema. Aliacha kubishana na mwamuzi. Alikuwa na tabia mpya ya kutupa jicho kwa mkono wa mwamuzi kila baada ya muda, hata pakiwa kimya. Bado alikosea, hasa mitupo huru, ambayo aliirusha kama anafukuza kunguru mahindini. Lakini wapiga simu wakaanza kumsifia. Waliosema apumzishwe sasa walidai walikuwa wamemwamini tangu mwanzo. Msicheke, nanyi mtakuwa na wasikilizaji wa namna hiyo, na mtawapenda hivyohivyo.

Mtu mmoja tu hakubadilika. Alijiita Mzee Karasha wa Mwakitolyo, karasha ikiwa ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kweli nyuma ya sauti yake ilisikika ikinguruma. Pendo akifunga, Mzee Karasha alipiga simu kusema amebahatisha. Pendo akitoa pasi nzuri, alipiga kusema ameogopa kurusha mwenyewe. Wasikilizaji watatu wakimsifia mfululizo, mlijua wa nne ni yeye. Na jambo lililonishangaza zaidi, hakusalimia. Nilimdai salamu kila wiki, naye kila wiki alijibu kwamba zimefika, twende kwenye hoja. Msukuma mtu mzima asiyesalimia ni kitu cha kukitilia shaka. Shija, wewe ulikuwa umeketi mitamboni kwa Mzee Mabula siku hizo, na mara mbili uliweka kidole kwenye kitufe umkate. Nilikuzuia. Mzee yule alikuwa mkali lakini hakutukana, na kila kosa alilolitaja lilikuwa la kweli.

Kabla ya fainali ya mwaka huo tulimwalika Pendo studioni. Alikuja amevaa gauni la kanisani, akanipigia goti la salamu, akakaa kwenye kile kiti cha tyubu. Nikampa maji. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuja kuaga. Fainali hatacheza, na kikapu anaacha kabisa. Alitaka awaambie watu mwenyewe wasije wakasema amefukuzwa.

Nilimuuliza kama ni ile habari ya filimbi. Akasema ile ameshaizoea, watoto wa sokoni humpulizia akipita naye huwapungia mkono. Ni yule wa Mwakitolyo, akasema. Nikaanza kumfariji kwamba huyo ni mzee tu mwenye salio kwenye simu, kila timu ina wa kwake. Pendo alikuwa akiitazama meza.

Taa nyekundu ikawaka. Nikamkaribisha, nikamuuliza ya masomo ili kuchelewesha lile la kuaga, maana mtangazaji akikosa la kufanya huchelewesha. Tukapokea simu. Mwalimu wa dini wa Ushirombo akasalimia kwa kirefu, akamsifia. Mama muuza mchele akasalimia kwa kirefu zaidi, akasema siku hizi binti anaijua kengele. Kijana wa Masumbwe akasema Pendo ni fahari ya wilaya. Shija akaninyooshea vidole vinne kwenye kioo, akatikisa kichwa. Nikasikia karasha.

"Mzee Karasha hapa, Mwakitolyo. Salamu zimefika. Wanaomsifia huyo binti wanajidanganya, mchezo uliopita alipoteza—"

"Shikamoo, baba," Pendo akasema.

Kila kijana humwambia mtu mzima hivyo, kwa hiyo sikushtuka. Nilichosikia ni kwamba mzee amenyamaza, ila karasha tu inanguruma. Salamu aliyoikwepa msimu mzima ilikuwa imemfuata mpaka sikioni, na shikamoo haiachwi ining'inie.

"Marahaba," akasema hatimaye.

"Mguu umepona? Mama alisema jiwe lilikuangukia."

Hapo ndipo mimi na Shija tulipotazamana kupitia kile kioo. Kazini sikupenda kimya, maana msikilizaji hudhani umeme umekatika. Siku ile nilikiacha. Sauti nyuma ya mzee ikapungua, nadhani alikuwa akichechemea kwenda mbali na mashine. Akasema mguu unaendelea vizuri. Pendo akavuta maiki karibu.

"Baba, nimekukosea nini?"

Mzee alianza kwa kutukumbusha sisi wasikilizaji, kana kwamba sote ni wa ukoo wake, kwamba alikuwa na mtoto wa kwanza, Masanja, kijana wa mbio za baiskeli. Masanja aliposhinda, yeye baba yake alizunguka soko zima la Masumbwe akimsifia. Alimsifia kwa wauza mitumba, kwa wanywa pombe, kwa watu wasiojuana naye. Kabla pamba iliyokuwa shambani siku hizo haijavunwa, walikuwa wamemzika Masanja. Homa, walisema hospitali. Yeye anajua ni macho ya watu, na ni yeye aliyewaonyesha pa kutazama.

"Sasa wewe wanakusifia redioni," akasema. "Ushirombo, Geita, kote, watu wala siwajui sura. Nikasema lazima apatikane mmoja wa kukuponda, macho yao yatulie."

"Ungeniambia, baba."

"Nikikuambia, si ndiyo nimekusifia, mwanangu?"

Nililia hewani, na sioni aibu. Shija naye alijifanya anatafuta waya chini ya meza, na waya haukuwa umepotea. Mimi ni Mkristo, na ya macho ya watu nina maoni yangu, lakini sikuyatoa, kwa sababu mtu aliyezika mtoto hasahihishwi kwenye kipindi cha michezo. Simu ziliwaka zote. Wasikilizaji waliacha kubishana kuhusu mitupo huru wakaanza kubishana kuhusu baba. Mwalimu wa dini akasema hofu ile si ya muumini. Mama muuza mchele akamjibu kwamba yeye ana watoto sita na hajawahi kumsifia hata mmoja nje ya nyumba, na wote wako hai. Sikuwazuia. Nilikuwa nikimtazama Pendo, nikisubiri aseme lile lililomleta.

Alijifuta uso kwa mkono wa gauni lake. Baba yake alikuwa bado yuko kwenye laini, Shija hakumkata.

"Basi endelea kuniponda, baba," akasema. "Ila uje uone kwanza. Hujawahi kuniona nikicheza. Usiniponde kwa kusikia."

Na hiyo ndiyo hotuba yake ya kuaga. Kwamba alikuja kuacha mchezo, tulijua mimi na yeye tu, nami nimemwomba ruhusa ndipo nikaandika hapa.

Siku ya fainali niliweka meza yangu pembeni mwa uwanja kama kawaida, vifaa vimefungwa kwa tyubu kama kawaida, na spika zikielekea kwa watu. Chuo cha Geita kilikuja na basi zima la mashabiki. Walimu wa chuo chetu walisimama mlangoni wakikusanya filimbi kutoka kwa wanaoingia, wakajaza ndoo. Mzee Karasha alikuja mapema. Nilimjua kwa kuchechemea na kwa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Safari hii alisalimia. "Mwadila, mayu," akaniambia kwa Kisukuma, salamu ya mchana kwa mama, nami nikamwitikia, akauliza habari za watoto, za mifugo na za mvua, mpaka nikaona anakaribia kulipa salamu zote alizowahi kuninyima. Kisha akakaa kwenye benchi nyuma yangu, mikono katikati ya magoti.

Sitawasimulia mchezo wote. Pendo alikosa mitupo huru miwili, na nyuma yangu nikasikia mtu akiguna kwa maumivu. Watu walihama na vigoda vyao kwenda kwa Geita, wakarudi, wakaenda tena. Mwishoni kabisa Geita waliongoza kwa pointi moja, mpira uko kwa Pendo, anakuja mbio. Filimbi ikalia.

Ndoo ya walimu haikutosha. Mahali fulani kwenye lile kundi mtu wa ngoma alikuwa ameficha yake. Wasichana wa Geita walisimama, mmoja wao akainua mikono kuonyesha kwamba hajamgusa mtu. Pendo aligeuza shingo kidogo tu. Alitazama mkono wa mwamuzi, na mkono ulikuwa chini. Akapita katikati yao, akaruka, akauweka mpira kwenye kikapu kwa utulivu wa mtu anayeweka yai. Muda ukaisha. Geita walilalamika, na mwamuzi akawaonyesha filimbi yake ikiwa bado mdomoni, akasema hiyo haijalia, na kama mwaka jana haikulia basi na mwaka huu haijalia.

Watu wote wakakimbilia upande wetu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, jambo ambalo Mzee Mabula asingelipenda. Kisha mmoja akamtambua yule mzee kwa sauti na kuchechemea, habari ikaenea, na kundi likazunguka meza yangu. Walitaka kumsikia. Kijana mmoja akamuuliza, kwa heshima kabisa, Mzee Karasha leo anasemaje. Nikamsogezea maiki. Uwanja ukatulia. Kule katikati Pendo alisimama na mpira kiunoni, akitazama spika.

Mzee alishika maiki kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, yanashuka mpaka kwenye ile mikunjo ya shati.

"Amecheza vibaya," akasema. "Vibaya sana. Tangu nizaliwe sijaona binti akicheza vibaya hivi."

Hakuna aliyecheka. Pendo akauweka mpira chini, safari hii hakuna wa kuuokota, akapiga goti palepale kwenye saruji.

"Nimesikia, baba," akasema. "Asante."